Nani Kaiuza Nyumba ya Chukwani

Kwetu kesi husikilizwa baada ya Isha. Bibi akishamaliza uradi wake na kukunja msala, Mama akaleta chai na mkate wa ufuta, mtu mmoja atasema neno kuhusu kitu kingine kabisa, bei ya saruji au jirani wa ghorofa ya pili aliyepata kazi hotelini, na kabla chai haijapoa tutakuwa tumeshafika Chukwani. Nani aliyesababisha ile nyumba ikauzwa? Mwaka wa tatu huu tunaijadili. Mashahidi ni walewale, mahakimu ni walewale, na mshtakiwa hubadilika kutegemea nani ametoka chumbani.

Tunaishi Michenzani, ghorofa ya nne, katika mojawapo ya yale majumba marefu yanayoanzia karibu na kipilefti na kutambaa kila upande kama treni lililokosa stesheni. Vyumba vitatu, watu tisa. Zamani tulikuwa watano. Wanne waliozidi ni Ami, mkewe na watoto wao wawili, waliohamia hapa Septemba 2022 na magodoro, friji moja na mfuko wa nailoni uliojaa makaratasi. Friji iko ukumbini, na mlango wake haufunguki vizuri kwa sababu ya kochi. Mfuko uko juu ya kabati la Bibi. Huo nitaurudia.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka 2018 Ami, mdogo wake marehemu baba yangu, alikopa shilingi milioni 48 kwenye benki moja ambayo sitaitaja. Dhamana ilikuwa nyumba yake ya Chukwani, aliyoijenga kwa miaka kumi na moja kama wanavyojenga watu wengi huku: mshahara ukitoka unanunua mifuko minne ya saruji, unamwita fundi, ikiisha unangoja mwezi mwengine. Ilikuwa nyumba ya chini tu, na nondo zimechomoza juu ya zege zikisubiri. Mkopo ulikuwa wa kuzimaliza zile nondo. Aweke ghorofa ya juu, vyumba sita, apangishe wafanyakazi wa mahoteli na wageni wanaokaa miezi.

Machi 2020 ndege za watalii zikaacha kuja. Wapangaji wakarudi kwao, mmoja Tanga, wawili Iringa, mwengine sijui wapi, kaondoka usiku na kitasa cha mlango. Barua za benki zikaanza kwa lugha ya upole na kumalizia kwa lugha ya dalali. Ami akauza mwenyewe kabla ya mnada, kwa bei ambayo nikiitaja Mama huinuka kwenda kuangalia jiko hata kama jiko limezimwa. Deni likalipwa. Kilichobaki kilinunua bajaji ya mkono wa pili.

Sasa, nani?

Ami anasema korona. Hana maneno mengi. "Mie nilikuwa nalipa. Muulizeni nani mtakaye. Mpaka Machi ile sikuchelewa hata siku moja." Na ni kweli, risiti anazo.

Mke wa Ami anasema benki. Anamkumbuka ofisa wa mikopo aliyekuja kuikagua nyumba, kijana mwenye tai, aliyekula biriani yake sahani mbili na kusema, "Mzee, nyumba hii inabeba hata milioni 60, kwa nini unajibana?" Kila akifika hapo huweka kikombe chini. Inavyoonekana, biriani ile inamuuma kuliko riba yenyewe.

Mama anasema tamaa, ingawa mbele ya shemeji yake huiita "haraka". Mtu ana nyumba, ana kazi, watoto wanasoma. Ghorofa ya nini?

Bibi anasema riba. Hasemi neno lenyewe, kwa sababu Ami alishaomba, kwa adabu lakini kwa sauti iliyotetemeka, kwamba neno hilo lisitajwe mbele ya watoto wake. Yeye huita "faida ya benki". Kwa hiyo Bibi hutengeneza shingo, hutazama dirishani na kusema, "Lile jambo." Sote tunajua ni jambo gani. Kwake yeye kesi ilikwisha siku Ami alipotia saini. Yaliyofuata, korona, ofisa na biriani yake, ni adhabu tu kutafuta njia ya kufika.

Kisha husema maneno anayoyapenda kuliko yote: "Nyumba hii hatukukopa."

Hapo huwa anapiga ukuta kwa kiganja, na ukuta wa Michenzani haupigiki bure, mkono utauma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na babu yangu walivunjiwa nyumba yao ya udongo hapahapa Ng'ambo. Mzee Karume alitaka watu wa Ng'ambo wakae kwenye majumba ya kisasa, na wataalamu wa Ujerumani Mashariki ndio waliochora mipango. Bibi alibeba mchanga kichwani katika kazi za kujitolea. Nikimuuliza kama mtu aliweza kukataa kujitolea, hunitazama kama nimeuliza kama mtu aliweza kukataa mvua. Karume aliuawa Aprili 7, 1972, pale Kisiwandui, mwendo wa dakika chache kutoka ngazi zetu, na majumba yakaendelea kujengwa bila yeye, ingawa mpango wote haukutimia. Bibi na Babu wakapewa funguo. Hakuna bei, hakuna rejesho la mwezi, hakuna ofisa wa kulishwa biriani.

"Bure," Bibi husema.

Na Mama, ambaye ni mtu wa Pemba na ambaye kwa kawaida hambishii mkwewe, mara moja tu alijibu. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka jana, na nadhani njaa ilikuwa imemchosha. Akasema taratibu, akikuna nazi: "Bure ya nani, Mama? Karafuu zilikuwa za nani?" Babake alikuwa na mikarafuu huko Wete. Miaka ile mnunuzi alikuwa mmoja, Serikali, na bei ilipangwa na huyohuyo mnunuzi. Soko la dunia lilikuwa linalipa vizuri sana. Mkulima alipata sehemu ndogo tu, na fedha za kigeni za Zanzibar zilitoka hapo, na karafuu nyingi zilitoka Pemba. Bibi hakujibu. Aliomba apewe maji ya kusukutulia. Lakini tangu siku hiyo nimeshindwa kuupita ukuta ule bila kufikiria kwamba ulikuwa na rejesho lake la kila mwezi, isipokuwa barua zilikuwa zikienda kwa mtu mwengine.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uchumi, na tasnifu yangu ni juu ya mikopo ya nyumba. Watu wakiniuliza kwa nini nimeichagua mada hiyo huwa nasema ni eneo lisilofanyiwa utafiti wa kutosha. Jibu zuri hilo. Msimamizi wangu alilipenda.

Ni yeye aliyeniambia siwezi kuandika juu ya mikopo ya nyumba bila kuipitia 2008. Hadithi ya Marekani inajulikana kijuujuu. Wakopeshaji walitoa mikopo ya nyumba kwa watu ambao uwezo wao haukuchunguzwa, wakayauza yale madeni kwa wengine, hao wakayafunga mafungu mafungu na kuyauza tena duniani, na kampuni za kupima ubora wa hati zikayapa mafungu hayo alama za juu kabisa. Bei za nyumba zilipoanza kushuka mnyororo wote ukakatika. Septemba 7, 2008 Serikali ikazichukua chini ya uangalizi wake Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili kubwa kuliko zote katika biashara ya kununua na kudhamini mikopo hiyo. Siku nane baadaye Lehman Brothers ikafilisika.

Nisichokijua ni yaliyofuata, na hayo ndiyo yaliyonikalisha maktaba mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Bunge la Marekani liliunda tume ya watu kumi kuchunguza nani kaleta balaa lile: sita waliteuliwa na viongozi wa chama cha Democrat, wanne na wa Republican. Wakahoji mashahidi zaidi ya 700. Januari 2011 ripoti ikatoka, zaidi ya kurasa 500, na ndani yake mna majibu matatu. Wale sita waliandika kwamba mgogoro ungeweza kuepukwa, na kwamba wasimamizi walizembea huku wakuu wa mabenki wakijitwika hatari wasizozielewa. Watatu kati ya wale wanne wakaandika yao: sababu ni kumi, na huwezi kuieleza kwa kosa la Marekani peke yake maana nyumba zilipanda bei hata Ulaya. Wa kumi, Peter Wallison, hakukubaliana na yeyote. Akaandika peke yake kwamba chanzo ni sera ya Serikali yenyewe, iliyosukuma watu wa kipato cha chini wamiliki nyumba kwa nguvu.

Nikajiona niko ukumbini kwetu. Watu wazima, wamesikiliza mashahidi walewale, wamesoma makaratasi yaleyale. Kuna jambo jengine lililoripotiwa wakati ule: kabla ripoti haijatoka, wale wanne walitaka baadhi ya maneno yasitumike kabisa ndani yake, likiwemo jina la Wall Street. Kura zikapigwa, wakashindwa sita kwa wanne. Niliposoma hapo nilimkumbuka Bibi na dirisha lake. Lile jambo.

Msimamo wangu ni wa wale sita, sifichi. Wallison simkubali, hesabu zake zimejibiwa na wengi. Lakini swali lake linanifuata nikipanda ngazi za Michenzani, kwa sababu mimi nimezaliwa ndani ya nyumba iliyotokana na Serikali kuamua kwamba watu wa kipato cha chini lazima wakae vizuri, watake wasitake.

Kwetu Tanzania hatukuwa na tume ya namna ile, lakini tuliwahi kuwa na maiti yetu. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ikaanza kazi 1973, na ikafungwa 1995. Muulize mtu mzima yeyote aliyefanya kazi za fedha Dar es Salaam nani aliiua, utapata ukumbi mwengine kama wetu. Wako wanaosema wanasiasa, kwa mikopo iliyotolewa kwa simu. Wako wanaosema wakopaji, waliojenga na kuhamia bila kurudi kulipa. Wako wanaoitazama hesabu tu: kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na benki iliyokopesha kwa riba ndogo iliyopangwa na Serikali ilikuwa inagawa pesa, tena pesa za waweka akiba. Mimi naegemea hapo. Lakini naona kwamba hesabu ina raha yake: haina jina la mtu.

Baada ya kufungwa kwake, kwa zaidi ya miaka kumi mkopo wa nyumba wa muda mrefu ulikuwa karibu haupatikani. Sheria mpya ya rehani za nyumba ikaja 2008, mwaka uleule ambao Wamarekani walikuwa wanazika zao, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzikopesha benki ili nazo zikopeshe watu kwa miaka mingi. Riba za mikopo hiyo miaka ya karibuni zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Ndiyo maana Ami alijenga kwa mifuko minne minne. Watu huita ule ujenzi wa pole pole ufukara wa mipango. Mimi nimeanza kuuona kama aina ya woga wenye akili. Miaka kumi na moja hakuwa na deni la mtu. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kuuacha mwendo ule.

Na hapo ndipo nilipouteremsha mfuko.

Nilitaka mfano halisi kwa sura ya nne ya tasnifu, bila majina. Ilikuwa Jumamosi, Bibi amelala, watoto wako chini wanacheza. Ndani ya mfuko mlikuwa na risiti zimefungwa mpira kwa mwaka, barua za benki, ramani ya ghorofa ya juu iliyochorwa kwa penseli, na nakala ya fomu ya maombi ya mkopo. Mkopo milioni 48, miaka saba, riba asilimia 17. Nilipiga hesabu papo hapo nyuma ya bahasha: rejesho ni karibu laki tisa na elfu themanini na moja kwa mwezi. Nikafungua ukurasa wa tatu, penye sehemu ya kipato kinachotarajiwa kutokana na mradi.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Ningependa kusema nilikuwa nimesahau. Labda ni sahihi zaidi kusema sikuwahi kuamua kukumbuka. Mwaka 2018 nilikuwa na miaka ishirini, nimerudi likizo kutoka Dar es Salaam, nimetoka kujifunza kupanga hesabu kwenye kompyuta, na Ami hakupenda kujaza fomu. Tulikaa Chukwani barazani. Kwenye kisanduku niliandika: vyumba 6, kila kimoja 250,000, jumla kwa mwezi 1,500,000. Kisha kwa mwaka, 18,000,000. Nikapiga mstari chini kwa rula. Hakuna mwezi mtupu katika hesabu ile. Hakuna mpangaji anayechelewa, hakuna kiangazi cha wageni, hakuna bomba linalopasuka. Benki haikuuliza. Wamarekani walikuwa na mikopo ambayo mtu anataja kipato chake mwenyewe na hakuna anayehakiki; wao wenyewe waliipa jina la mikopo ya waongo. Nilikuwa nimeandika kurasa sita za tasnifu juu ya watu waliojaza fomu kama hizo. Nilikuwa mkali kwao.

Nikarudi kwenye risiti za kodi. Kabla ya korona, vyumba vilivyojaa kwa wakati mmoja vilikuwa vinne, mara chache vitano. Vinne ni milioni moja. Toa rejesho, inabaki elfu kumi na tisa. Kwa hiyo Ami anaposema alikuwa analipa, anasema kweli, na alikuwa analipa akiwa ukingoni tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu ya mstari niliouchora kwa rula.

Kuna jengine, na hili sote ukumbini tunalijua, ndiyo maana halitajwi. Katika milioni 48, milioni tatu hazikwenda Chukwani. Zilikuwa ada yangu na kodi ya chumba changu Dar es Salaam, mwaka ambao mkopo wa masomo niliukosa. Fomu inasema ujenzi. Kila usiku Mama anaposema "ghorofa ya nini", nadhani anasema kwa sauti ili asisikie swali jengine.

Nilikaa na karatasi ile siku nne. Siku ya tano maji hayakupanda, kama kawaida, na mimi na Ami tukateremka na ndoo. Tulipofika ghorofa ya pili tukapumzika. Ana miaka hamsini na sita sasa na goti linamsumbua, lakini hakubali kubebewa. Nikamwambia nimeiona fomu.

"Fomu ipi?"

"Ya mkopo. Ukurasa wa kodi ya vyumba. Mwandiko wangu."

Akaweka ndoo ya pili chini. "Mwandiko wako naujua tangu uko darasa la tatu."

"Mbona hujasema siku zote hizo, Ami? Mama anakusema, Bibi anakusema."

"Niseme nini? Nimwambie mtoto andika sita, laki mbili unusu, aandike, kisha nimshitaki?"

Nikamwambia haikuwa hivyo. Nakumbuka vizuri: aliniuliza, "Tuandike ngapi?" na mimi ndiye niliyesema sita zote, kwa sababu kwenye kompyuta ilikuwa inapendeza. Akatikisa kichwa. Alisema yeye ndiye aliyeitaja, tena alikuwa ameshaizungumza na yule kijana wa benki, ambaye alimwambia akiandika chini ya hapo maombi yatarudi.

"Hukuniambia hayo."

"Ulikuwa na miaka ishirini. Nikwambie ili iweje?"

"Ami, mie ndiye niliyesema sita."

"Weye ulishika kalamu tu, mwanangu. Usijipe cheo."

Tukaziinua ndoo. Tulibishana mpaka ghorofa ya tatu, yeye akisema yeye, mimi nikisema mimi, maji yakimwagika kwenye vidato, na jirani mmoja akafungua mlango, akatutazama, akaufunga. Sikuwa nimemwona Ami akibisha kwa nguvu hivyo tangu alipohamia. Tulipofika juu Bibi alikuwa amesimama mlangoni na bakora yake.

"Mnagombania nini huko ngazini?"

"Maji," Ami akasema, akapita na ndoo zake kwenda jikoni.

Fomu nimeirudisha mfukoni. Sura ya nne bado sijaiandika.